Teja na Mteja

Mitaani Temeke na Kinondoni, kijana aliyenaswa na unga huitwa teja. Kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, alipokewa kwa jina jingine: mteja. Silabi moja tu imeongezeka, nayo ni ile ya ngeli ya watu. Kila siku alikunywa dozi yake mbele ya mhudumu.

Mwanafunzi wa chuo je? Wapo wasemao afukuzwe, wenzake wasalimike. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna mzazi ampelekaye mwanawe chuoni akaokote sindano. Lakini afukuzwaye hupoteza kwa siku moja chumba, marafiki na mshauri, akarudi vijiweni unakouzwa. Na mwenziwe wa chumbani, aliyeona mapema, atamwambia nani, iwapo kumtaja ni kumfukuzisha?