Maneno ya Kifuani

Katika soko la Kongowea, upande wa bara wa Mombasa, fulana za mitumba huuzwa kwa marundo, na baadhi yake zina sura ya Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika aliyefariki mwaka 1981. Wengi wa vijana wanaozichagua hawakuwa wamezaliwa. Hutamani zama wasizoziona, na tamaa hiyo si dhambi.

Lakini tamaa hufua zama kama nguo, ikaondoa jasho na damu. Usiku wa Aprili 17, 1980, Zimbabwe ilipopata uhuru, Marley aliimba katika uwanja wa Rufaro, mjini paitwapo leo Harare. Umati uliotaka kuingia ulirushiwa moshi wa kutoza machozi, na moshi ukafika hata jukwaani. Fulana imehifadhi wimbo, moshi haumo.

Mwanamke wa pwani anunuapo kanga husoma kwanza jina lake, maana ajua jirani atalisoma, na pengine atadai maelezo. Basi kijana aliyevaa neno la ukombozi, akiulizwa kivukoni Likoni ni ukombozi wa nani, atajibuje? Wako wanaojibu vema kuliko wazee waliokuwako siku zile.