Khiyari ya Aibu Katika Zama za Programu



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tumesoma katika milango ya biashara habari ya mnyama aliyefungwa chuchu. Muuzaji humwacha mbuzi au ngamia siku kadhaa bila kumkamua ili kiwele kijae, mnunuzi adhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hilo, akampa mnunuzi siku tatu: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyapata.

Tuangalie ni nani aliyepewa uamuzi hapo. Ni mnunuzi.

Leo muuzaji anaweza kuingia ndani ya kitu alichokwisha kukuuzia, usiku umelala, akakibadilisha. Desemba 2023 kampuni ya Tesla ilitangaza kasoro katika magari zaidi ya milioni 2 nchini Marekani, kwa kuwa mfumo wa kusaidia uendeshaji haukuhakikisha vya kutosha kwamba dereva yu makini. Magari hayakuitwa gereji. Programu mpya ilitumwa kwa intaneti. Mkuu wake, Elon Musk, alikuwa amekwisha kulalamika kwamba kuiita kazi ya namna hiyo "kurudisha bidhaa" ni msamiati uliopitwa na wakati.

Mimi simkubalii. Kwa sheria ya Marekani, jina hilo linabeba mambo: mwenye gari aandikiwe, kasoro iwekwe hadharani, matengenezo yawe bure. Aprili 2024 mamlaka ya usalama barabarani ilifungua uchunguzi kuona kama marekebisho yale yalitosha. Yangefanywa kimyakimya, nani angeuliza?

Ndugu mmoja wa uhandisi alinipinga kwa hoja nzuri: Mashafii wanasema aibu ikiondoka kabla bidhaa haijarudishwa, haki ya kurudisha nayo huanguka. Ni kweli. Lakini mnunuzi atajuaje kuwa imeondoka, ikiwa hakuambiwa kwamba ilikuwapo?

Zito zaidi ni programu inayopunguza. Mwaka 2017 Apple ilituma programu iliyopunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafla. Sababu yenyewe inaeleweka. Ila kampuni ilikuja kuyaeleza haya waziwazi Desemba, baada ya watu kuzipima simu wenyewe. Aliyedhani simu yake imezeeka alinunua mpya, kumbe betri tu ingemtosha. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja, na nchini Marekani kampuni yenyewe ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 bila kukiri kosa. Malipo hayo ya pili yalikuwa ya wamiliki wa Marekani. Mwenye simu ya aina ile ile aliyeinunua mtumba hapa Kampala alipata programu, fidia hakuipata.

Mtasema alibonyeza "Nakubali". Sura ya Nisaa, aya ya 29, inaijenga biashara juu ya kuridhiana, nami sioni vipi mtu anaridhia asichoambiwa. Aliyekubali kutengenezewa hakukubali kupunguziwa. Kuna wanaojibu kwamba programu haikuuzwa, umepewa ruhusa ya kuitumia tu. Basi na iitwe ijara tangu dukani, na bei iwe ya ijara!

Wapo kati yenu watakaoandika programu hizi, na siku moja mkubwa wa kazi atataka maelezo yasomeke "maboresho madogo" tu. Hilo ni lenu.

Letu sote liko karibu zaidi, maana hapa bwenini tunauziana simu kila muhula. Betri iliyochoka ni aibu ya bidhaa, na kasi iliyopunguzwa kwa ajili yake ni aibu vilevile. Kwenye iPhone, hali ya betri inaonekana kwenye mipangilio ya simu. Mfungulie mwenzio aione kabla hajatoa pesa.