Mgeni Asiye na Hati Akiugua

Liko swali moja ambalo watu wa njia hii yetu huulizana, na mara nyingi huishia kwa hasira kabla halijafikiriwa mpaka mwisho. Kutoka Didia kwenda Tinde, na kutoka Tinde kwa njia iendayo Kahama na Geita, hupita watu wengi: wenye malori ya Rwanda na Burundi, wachunga ng'ombe, vibarua, na wachimbaji wafuatao habari ya dhahabu kila ivumapo. Baadhi yao wametoka ng'ambo ya mpaka, wala hawana hati ya kuingia wala kibali cha kukaa. Swali ndilo hili: mtu wa namna hii akiugua, je, ana haki ya kutibiwa katika zahanati yetu, au twamtibu kwa hisani tu, tukipenda?

Wengi hujibu kwa kuitaja habari ya Msamaria, wakafikiri kwamba neno limekwisha. Mimi sidhani. Msamaria alitoa fedha yake mwenyewe; mnyama alikuwa wake, na mafuta yalikuwa yake. Lakini dawa za zahanati si mali ya mtu mmoja. Mama wa Didia aliyeketi tangu alfajiri, kisha akaambiwa dawa zimekwisha, ana neno la kusema, wala si neno la choyo: kwa nini dawa iliyonunuliwa kwa kodi yetu apewe mtu ambaye jina lake halimo katika daftari lo lote? Neno hili lastahili kujibiwa kwa haki, si kukemewa.

Basi tuangalie mgeni huyu alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumekwisha kumpa. Ndiye ashukaye katika duara kwa kamba, na kuponda mawe, na kukaa penye karasha katikati ya vumbi, na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mwenye duara hakumwuliza hati siku ile alipomshusha. Mwenye ng'ombe hakumwuliza hati alipompa fimbo. Dhahabu aliyoitoa yafika katika masoko ya madini, ambayo la kwanza lilifunguliwa Geita mwaka 2019, nayo hulipiwa mrabaha, ambao mwaka 2017 uliongezwa kutoka asilimia 4 kuwa 6. (Najua kwamba dhahabu nyingine hupita njia za gizani, lakini faida ya magendo hayo haimfikii mponda mawe.) Yeye hana jina katika daftari, walakini jasho lake limekwisha kulipa. Mtu asiyeulizwa hati alipokuwa na nguvu, akaja kuulizwa alipoanza kukohoa, amedhulumiwa. Kumtibu si hisani, ni deni. Na kama katika kopo imesalia dozi moja tu? Apewe aliye mgonjwa zaidi. Ndivyo tufanyavyo kati ya raia na raia.

Mtu ataniuliza: na mkewe je, na mtoto wake mchanga, ambao hawajachimba kitu? Hapa hoja ya deni imefika ukomo wake, nakubali. Lakini mtoto mchanga hakuchagua upande wa mpaka atakaozaliwa, na sera ya afya ya nchi hii imetamka kwa miaka mingi kwamba wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5 wasitozwe fedha katika vituo vya Serikali. Mara nyingi kimzuiacho mama huyu si bei, ni woga. Hutazamwa usoni, lafudhi yake husikilizwa, huulizwa kitambulisho, naye hurudi kimya. Woga huo una asili yake. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya watu wakaondoshwa, wengine wakiwa wamekaa humu miaka mingi, wameoa na kuzaa. Sishindani na haki ya Serikali kulinda mipaka yake. Nasema tu kwamba aliyeziona siku zile hataki kuandikwa jina po pote, hata katika daftari la wagonjwa. Nayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, itamwandikaje mtu ajifichaye?

Tena woga huu hauishii kwake. Vumbi la mawe huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushikwa upesi na kifua kikuu. Wenye elimu ya dawa wamekadiria kwamba mgonjwa mmoja asiyetibiwa aweza kuambukiza watu 10 hata 15 kwa mwaka. Naye hulala kambini pamoja na vijana wetu, hupanda gari moja na mama zetu waendao gulioni. Akianza dawa, kisha akaziacha katikati kwa kukimbia, ugonjwa waweza kuwa sugu, na kifua kikuu sugu hutibiwa kwa taabu na gharama kubwa, kama wajuavyo wauguzi wa Kibong'oto. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo, jirani na Geita. Siku kama zile kila mwenye homa yampasa ajitokeze mapema, na aliyezoea kujificha hajitokezi. Basi dawa apewayo mgeni humkinga hata yule mama wa Didia. Walakini siipendi hoja hii iwe ya kwanza, maana yamfanya mgeni kuwa kama dimbwi tulifukialo kwa kuogopa mbu.

Watoto wetu nao wako ugenini bila hati, Afrika Kusini, na Uarabuni, na Ulaya. Mwaka 2022 watu wa kundi liitwalo Operation Dudula walisimama langoni pa Hospitali ya Kalafong, Pretoria, wakiwazuia waliodhaniwa kuwa wageni wasiingie kutibiwa. Mzazi mwenye kijana huko aliisikiaje habari ile?

Walimu wa makanisa yawapasa kufikiri zaidi, maana mgonjwa wa namna hii mara nyingi huja kwao kabla hajathubutu kwenda zahanati. Mwalimu si afisa wa Uhamiaji, wala muuguzi si askari. Wenye kazi hiyo wapo, nao wana ofisi zao. Wakitaka kumwuliza mtu, na wamwulize, lakini si penye benchi la wagonjwa. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi, nazo ni za miezi 6. Mtu yuko katika mwezi wa 3, mara asikia dhahabu imeonekana mahali pengine, na wenzake wafunga mizigo. Mwalimu aweza kwenda naye zahanati kumwombea barua ya kuhamisha matibabu, ili kituo cha huko kimpokee pale alipofikia, asikatize dawa. Miezi ikiisha, kama ni wa kukaa au ni wa kurudishwa kwao, wenye sheria watamwamulia akiwa mzima.