Matofali Yasiyomwagiliwa

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipomaliza kidato cha nne, wakati nasubiri matokeo, nilipata kibarua cha saidia fundi. Kigango chetu kilikuwa kinajenga kanisa. Baada ya matofali ya saruji kufyatuliwa, kazi yangu ilikuwa kuyamwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Saruji sio nguo kwamba unaianika tu ikauke. Inahitaji maji ili ishikane vizuri. Ikiyakosa siku za mwanzo, tofali linakauka lakini linabaki dhaifu.

Sasa kisima kilikuwa mbali, na fundi alikuwa amesafiri kwenda msibani. Siku mbili za kwanza nilimwagilia. Siku ya tatu kulikuwa na mpira. Siku ya nne nikajiambia, "Kwani nani atajua?" Fundi aliporudi nikamwambia nimemaliza zote saba. Na kwa macho, wallahi ungesema ni matofali safi kabisa.

Fundi akaokota moja, akaliachia kutoka usawa wa kiuno. Likasambaratika. Akaokota la pili. Hivyo hivyo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, chini ya ukuta huu watakaa mama yako na wanakwaya wenzako. Ulitaka wakae chini ya nini?"

Sikuwa na jibu. Saruji ile ilinunuliwa kwa michango ya jumuiya ndogondogo, mia tano tano, elfu moja moja. Kuna bibi alileta kuku wake mnadani baada ya Misa. Na mimi kuku wa bibi nilimgeuza kuwa vumbi.

Nilipoenda kuungama nilijiandaa kutaja uongo. Padre akaniuliza, "Na hasara umelipa?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa pia nimeiba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaitaja kazi iliyofanywa vibaya kati ya makosa dhidi ya amri ya saba, sehemu moja na rushwa na ukwepaji wa kodi. Tumezoea kudhani mwizi ni yule anayechomoa simu kwenye daladala. Kumbe hata anayelipwa kumwagilia na hamwagilii ni mwizi. Kibarua changu cha wiki iliyofuata kilinunua saruji nyingine, na matofali niliyafyatua upya.

Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 3, anasema kila mmoja aangalie jinsi anavyojenga juu ya msingi ambao ni Kristo. Wengine wanajenga kwa dhahabu, wengine kwa nyasi, na siku itakuja moto utaipima kazi ya kila mtu. Angalia vizuri: moto hautauliza kazi ilionekanaje. Utaonyesha ilikuwa nini.

Rafiki yangu, wewe unajenga kwa nini? Maana siku hizi tunapenda vinavyoonekana haraka. Mkeka wa kubeti wa kutajirika usiku mmoja. Asaimenti ya kunakili kwa mwenzako. Uchumba wa picha nzuri mtandaoni, lakini hamjawahi kusali pamoja hata mara moja. Kwa macho ni matofali safi. Subiri yaangushwe kidogo tu.

Najua kuna anayeniambia, "Mimi nafanya kazi kwa bidii na sijafika popote." Sitakudanganya. Bidii haileti pesa kila mara, na wapo wavivu wanaokula vizuri. Lakini mtazame Yesu. Mtakatifu Luka anasema alianza utume wake akiwa na umri wa miaka kama 30. Kabla ya hapo, Nazareti walimfahamu kama seremala tu. Mwana wa Mungu alikubali miaka mingi ya kazi ambayo hakuna aliyeiandika. Haikuwa miaka iliyopotea.

Au chukua mfano wa Antoni Gaudí, msanifu wa Kanisa la Sagrada Família kule Barcelona, Hispania. Aliipokea kazi ile mwaka 1883 na kuishika hadi alipofariki mwaka 1926, baada ya kugongwa na tramu. Miaka 43! Alijua kabisa kwamba hatauona mwisho wake, na kweli alizikwa humo humo kanisa likiwa bado mbali kukamilika. Lakini alilolijenga likabeba waliokuja baada yake, na mwaka 2010 Papa Benedikto XVI akaliweka wakfu.

Hapo ndipo Zaburi ya 127 inapotugusa: bila Bwana, wajengao wanajisumbua bure. Mungu haji kumwagilia matofali kwa niaba yako. Lakini ukiyamwagilia mbele zake, hata pasipo mtu wa kukuona, anakujenga wewe. Na wewe ndiye jengo litakalobaki siku majengo yote yatakapoanguka.

Wiki hii chagua kazi moja ambayo umekuwa ukiilipua kwa sababu hakuna anayekagua. Moja tu. Ifanye mpaka mwisho. Kama kuna mtu ulimtia hasara, mrudishie.

Kanisa letu la kigango limesimama hadi leo. Kila ninapoingia, jicho linaenda kwenye ukuta wa kushoto. Mle ndani yamo matofali yangu, yale ya mara ya pili.

Tusali: Ee Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, utusamehe kazi tulizozilipua. Utupe uaminifu pale tusipoonekana. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.