Mmefikia kwa Nani?

Ukiwa Hispania na kampa, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, unaruhusiwa kuegesha popote gari la kawaida linaporuhusiwa, na ukishaegesha ni shauri lako unafanya nini ndani. Pika, lala, oga. Mwongozo uliotolewa na mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo unadai mambo machache tu: gari liguse ardhi kwa magurudumu yake peke yake, lisizidi umbo lake likiwa limefungwa, lisimwage kitu chini. Lakini ukikunjua turubai la ubavuni, au ukatoa kiti ukaketi nje, huhesabiwi tena kuwa umeegesha. Umepiga kambi, na kambi ina maeneo yake na faini zake.

Niliona jambo hilo likitendeka kwenye pwani ya Almería, asubuhi na mapema. Mzee mmoja Mbelgiji alikuwa ameweka kiti cha kukunja ubavuni mwa gari lake, anakunywa kahawa. Gari la polisi likasimama. Askari wakamwamkia kwa adabu, mmoja akakinyooshea kiti kidole. Mzee akainuka, akakikunja, akakiingiza ndani, akakunja na kijingazi cha mlangoni, kisha akaketi kwenye kizingiti cha gari, miguu kaivuta ndani, kikombe kilekile mkononi. Askari wakampungia mkono, wakaenda zao. Hakusogea hata mita moja, lakini machoni pa sheria alikuwa mtu mwingine.

Mume wangu alicheka sana. Mimi kile kiti kilinikaa kichwani, kwa sababu nimekulia Tanga, kwenye nyumba yenye baraza, na baraza iko wapi kama si nje ya ukuta, karibu kabisa na njia ya watu? Hapo ndipo baba alipopokelea wageni, hapo alipoitwa kuamua ugomvi usiomhusu, na hapo wapita njia walipojua kama ameamka salama. Vyumba vya ndani vilikuwa vyetu. Baraza ilikuwa ya mtaa pia. Ilionekana kana kwamba wale wa usalama barabarani wa Hispania, bila kujua, walikuwa wameshika kamba ileile kutoka ncha ya pili: nyumba inaanza pale unapotandaza kitu nje, na anayebaki na kila chake ndani anapita tu, hata akikaa mwezi.

Na ndani ya kampa hakuna kinachokosekana, nisiseme uongo. Kuna jiko la mafiga mawili, friji, tenki la maji la lita 100, na choo cha kaseti ambacho kila baada ya siku mbili tatu unakichomoa kwa nje na kukiburuta hadi sehemu ya kumwaga. Nyumba ya kawaida inakuficha uchafu wako tangu unapovuta maji. Hapa unaubeba kwa mkono, na njiani unasalimiana na jirani aliyebeba wake. Leseni ya kawaida ya Ulaya, daraja B, inaishia kwenye gari la kilo 3,500, na kampa nyingi ukishazijaza maji, mafuta na watu zinakuwa zimebakiza nafasi ya sanduku moja. Kwa hiyo mali yako inapimwa kwa mizani. Nikinunua kikaango cha chuma, kuna vitabu vitashuka.

Wengi husema hayo ndiyo mafunzo makubwa ya maisha haya, kwamba mtu hujifunza kutosheka. Sina uhakika. Kutosheka kwa kulazimishwa na ekseli ya gari ni jambo dogo, na mtu yule yule anayejisifu kwa kuoga na lita tano utamkuta kwenye foleni ya bomba akimkasirikia aliyetangulia. Kila jioni kwenye maegesho ya kampa husikia neno uhuru likitajwa, na mara nyingi linatajwa na mtu aliyeshika mpira wa maji akisubiri zamu yake. Simcheki. Nami nipo kwenye foleni hiyohiyo. Ila naona kwamba uhuru tunaousema haumo katika uchache wa vyombo. Umo kwenye uhusiano wetu na watu wa mahali tunapoegesha, yaani katika lile suala la kiti.

Mwaka 1795 Immanuel Kant, mtu ambaye maisha yake yote hakutoka mbali na mji wake wa Königsberg, alichapisha kijitabu kuhusu amani ya kudumu. Humo anadai kwamba mgeni anapofika nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui, maana dunia ni duara, watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, na mwishowe itabidi wavumiliane. Lakini haki hiyo anaiwekea mpaka. Ni haki ya kutembelea. Ukitaka kupokelewa nyumbani mwa watu na kukaa nao, hapo pahitajika mapatano maalumu, ya hisani. Huenda mtu akaona huo ni ubahili, mpaka akumbuke Kant alikuwa anamkinga nani. Katika kurasa hizohizo anayakemea mataifa ya biashara ya Ulaya ambayo kwao kutembelea nchi na kuiteka kulikuwa jambo moja. Sisi wa pwani tunawajua wageni wa namna hiyo kwa majina na kwa miaka. Mwenyeji ana sababu ya kukitazama kiti cha mgeni kwa jicho la tahadhari.

Mama yangu hajamsoma Kant, lakini nikimpigia simu swali lake la kwanza baada ya salamu ni hilohilo. “Mmefikia kwa nani?”

“Hatujafikia kwa mtu, mama. Tuna gari letu.”

“Najua mna gari, mwanangu. Nauliza hivi, mkiugua usiku huu, nani anajua kama mko hapo?”

Sijapata jibu la kumridhisha. Tuna simu, tuna bima, tuna namba ya dharura ya 112 inayofanya kazi Ulaya nzima. Vyote hivyo anavikubali, halafu anarudia swali.

Norway wana sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kutembea na kulala porini kwenye ardhi ya mwingine. Hema liwe umbali wa mita 150 kutoka nyumba ya watu, na kwa kawaida ni siku mbili. Ukitaka zaidi, mtafute mwenye ardhi umwombe. Siku mbili! Nilipoisoma nilihisi kama naisikia sauti ya bibi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hesabu ni moja, ila siku ya tatu ni mbalimbali. Kule mgeni anatakiwa aombe ruhusa. Kwetu anapewa jembe, na tumezoea kuichukulia methali hiyo kama njia ya ujanja ya kumfukuza mtu. Naisoma vingine siku hizi. Anayekupa jembe amekuonesha shamba. Amekuhesabu katika watu wa kutumwa. Sisi wa kampa huondoka kabla siku ya tatu haijaiva, tukabaki wageni wa siku ya pili maisha yote, tunachekewa, tunaoneshwa njia ya kwenda ufukweni, na hakuna anayetutuma chumvi.

Uzito wa jambo hilo niliujulia katika kijiji kimoja cha Alentejo, Ureno. Tulikuwa tumeegesha nyuma ya uwanja wa mpira. Asubuhi kengele ya kanisa ikaanza kulia taratibu, watu wakapita na nguo nyeusi, na mwenye mgahawa akaanza kutoa viti vya plastiki kuvipeleka nyumba ya tatu. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, kabeba viti vinne vinne, anarudi, anabeba tena. Nilisimama mlangoni mwa gari na mikono ikiniwasha. Tanga ningekuwa nimeshafunga kanga kiunoni na kukabidhiwa sufuria kabla hata sijajua jina la marehemu. Pale nilichoweza kufanya ni kuzima redio. Kumwendea na kushika kiti kungekuwa kujitia msibani mwa watu ambao hawajui niko hai. Kesho yake tuliondoka, kama tulivyopanga tangu mwanzo.

Uhuru wa barabara ni huo: hakuna wa kukutuma. Simaanishi ni uhuru wa bandia. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya watu wengi, akatumwa dukani tangu ana miaka minne, akachangishwa kila harusi, anajua utamu wa kuamka mahali ambapo jina lako halijulikani. Nimeufurahia na bado naufurahia. Ninachokataa ni kuuita utamu huo kuwa na nyumbani popote. Kukaa mahali, kadiri ninavyoelewa, ni kufikiwa na madai ya watu wa pale, na gari limetengenezwa ili madai yasilifikie.

Martin Heidegger, katika mhadhara wake wa mwaka 1951 kuhusu kujenga na kukaa, alitoa mfano wa dereva wa lori: barabarani yupo kwake, lakini makazi yake hayako pale. Nawafikiria madereva hao kila tunapolala kwenye vituo vya barabara kuu. Wanapika kwenye kisanduku kilichofungwa chini ya trela, jiko la gesi dogo, sufuria moja, wamekaa juu ya ndoo. Tangu mwaka 2020 kanuni za Umoja wa Ulaya zinakataza dereva kuchukua mapumziko yake makuu ya wiki, ya saa 45, ndani ya lori, kwa sababu gari si mahali pa mtu kupumzika kwa heshima. Mita ishirini kutoka hapo tumo sisi, tuliolipa pesa nyingi ili tulale ndani ya gari, na tunaita mapumziko.

Kuna na wengine ambao gari lao la kuishi halijawahi kuitwa matembezi. Ufaransa, sheria ya mwaka 1969 iliwalazimisha watu wasio na makazi ya kudumu, wengi wao wakiwa wa jamii zinazohamahama tangu vizazi na vizazi, kutembea na hati maalumu za kuoneshwa kwa polisi, na mabaki ya mpango huo yalifutwa mwaka 2017 tu. Sheria ya mwaka 2000 inazitaka manispaa zenye wakazi zaidi ya 5,000 ziwatengee viwanja vya kuegesha, na viwanja hivyo mara nyingi utavikuta kando ya reli au jirani na jaa la taka, wakati maegesho ya kampa za watalii yanatazama mto. Uingereza nako, tangu 2022, kukaa na gari la kuishi kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, ukaambiwa uondoke ukabaki, kunaweza kukufikisha jela. Magurudumu ni yaleyale. Kinachowatisha wenye mji ni dalili kwamba huyu hana pa kurudi, kwa hiyo huenda akatoa kiti.

James Scott, mwanazuoni wa Yale, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1998 kwamba utafiti wake ulianza na swali la kwa nini serikali huelekea kuwa adui wa watu wanaohamahama, na ndani ya kitabu hichohicho kuna sura nzima juu ya vijiji vya lazima vya Tanzania ya miaka ya 1970. Mimi na pasipoti yangu ya Tanzania, yenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani kilichopachikwa kati ya kurasa, ninapovuka mpaka wa Ufaransa na Hispania bila kusimamishwa, sijidanganyi kwamba ni barabara iliyonipokea.

Hata kibali hicho kinataka anwani. Ujerumani gari halisajiliwi bila anwani, na anwani yetu ni nyumba ya wifi yangu. Barua za bima, za kodi na za ukaguzi wa gari zinafika kwake, anazifungua, anazipiga picha, anatutumia kwa WhatsApp na maneno mawili: “Hii haraka.” Nimekuwa na tabia ya kuwauliza wenzetu wa njiani barua zao zinakwenda wapi. Kila mmoja ana jina la kutaja, binti, kaka, rafiki wa shule, mtu fulani ambaye hakuhama. Nyuma ya kila kampa iliyoegeshwa ikitazama bahari kuna sanduku la barua limegongomelewa ukutani mahali fulani, na mtu anayelifungua.

Mwezi uliopita wifi alituma picha ambayo haikuwa barua yetu. Ilikuwa yake, ya hospitali: goti litafanyiwa upasuaji mwezi wa tatu. Chini yake akaandika anahitaji mtu wa kumpikia na kumpeleka mazoezini wiki kadhaa, na kwamba ameshatuweka sisi kwenye orodha. Mume wangu ameanza kutafuta njia isiyo na milima mingi. Mimi nilimuuliza wifi kama gari letu litaenea mbele ya nyumba yake. Akasema litaenea, ila nisidhani nitalala humo.