Mshale Unaokwenda Kando

Soma Zaburi 78:57 na Hosea 7:16. Israeli wanafananishwa na nini?

Upinde mbovu humdanganya mpigaji: analenga huku, mshale unakwenda kule. Mshale wenye kombo hufanya vivyo hivyo. Wahadzabe, wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi, huukagua mshale kwa jicho. Penye kombo hupasha moto, kisha huung'ata na kuunyosha kwa meno. Mshale haujinyoshi wenyewe.

Mtu wa Bukoba au Muleba aweza kuomba kwa machozi siku ya Sabato, huku amesogeza mpaka wa kibanja cha mjane. Amelenga mbinguni, lakini anakwenda kando. Moto wa Bwana haukusudii kumteketeza, bali kumnyosha.

Je, ni kombo gani unalomficha Mnyoshaji? Nani anakungoja ukamrudishie haki yake kabla ya Sabato ijayo?