Chozi la Msomaji

Je, msomaji anayemlilia mhusika huwa ametenda wema wowote? Swali hili lilinizukia nilipohitimisha kuisoma Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, punde baada ya kuirudia Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Katika ile ya kwanza, Ridhaa anapoteza aila yake motoni, na jirani yake Kedi ni miongoni mwa walioshiriki uovu huo. Nilimlilia Ridhaa. Kedi sikumtafakari hata kidogo. Nami ni Mkenya niliyeyashuhudia ya 2007 na 2008. Akina Kedi walikuwa majirani zetu. Machozi yangu, basi, yalinitenga nao kwa urahisi mno. Mohamed hatupi faraja hiyo. Anatutia ndani ya nafsi ya K, mkubwa aliyenufaika kwa dhuluma, hadi tunaanza kujitambua humo. Simaanishi kwamba kumhurumia mdhulumiwa ni unafiki. Asiyekuwa na huruma hiyo hana utu. Ila yamkini riwaya hutudai zaidi: tumlilie Ridhaa, kisha tujiulize iwapo kiberiti hakikuwahi kuwa mfukoni mwetu.